Usinipigie Simu

Torvik, Dakota Kaskazini
14 Julai

Shangazi Eulalie,

Shikamoo. Nimefika salama, gari limefika salama, na sufuria yako ya chuma uliyonifungia kwenye blanketi imefika bila ufa, ingawa ilinigonga kisigino tangu Kansas. Hujambo wewe? Alcide hajambo? Mwambie binamu yangu huyo kwamba yule kuku wake anayelala barazani kwako nimemkumbuka kuliko ninavyomkumbuka yeye. Na kwaya mmeshaanza mazoezi ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, au Padre bado anawasubirisha?

Nakuandikia kwa sababu napiga simu hupokei. Najua umekasirika. Siku naondoka ulisimama mlangoni na taulo la jikoni begani, hukunipungia mkono, nami nikaendesha hadi nje ya parokia nikilia na kujipangusa kwa utepe wa kofia. Lakini Shangazi, ulikuwepo, uliona mwenyewe sikuwa na njia. Daktari wangu alipostaafu, leseni yangu ya Louisiana ilibaki pambo la ukutani, maana kule nyumbani msaidizi wa daktari hagusi mgonjwa mpaka apatikane daktari wa kumsimamia, na hakupatikana. Nilikaa jikoni kwako nikimenya viazi vitamu kwa hasira mpaka ukaninyang'anya kisu.

Huku sheria ni nyingine. Wameniruhusu niendeshe kliniki mwenyewe, na daktari nikimhitaji nampigia mjini Minot. Kliniki ni vyumba viwili nyuma ya jengo lililokuwa benki. Ninaye muuguzi mmoja, Marlys Tweten, mama wa makamo asiyecheka ila kwa pua. Siku ya kwanza aliniambia, "Waliokutangulia ni watatu. Hakuna aliyemaliza majira ya baridi." Nikamwambia mimi nimetia sahihi mkataba hadi mwisho wa Mei. Akasema, "Na wao walitia." Nikiondoka mimi, bodi ya mji imeshaamua kwamba wanafunga moja kwa moja, na wagonjwa watakuwa wanasafirishwa saa nzima na nusu barabarani.

Sitaondoka. Pokea simu basi, Shangazi.

Mwanao,
Odessa


L'Anse Bleue, Louisiana
2 Agosti

Dessa,

Marahaba. Barua nimeipata. Mimi mzima, Alcide mzima, kuku ametaga ndani ya kofia yangu ya kanisani na mwenye kuku anasema eti nimshukuru. Mvua inanyesha kila mchana, bamia zimenishinda kwa wingi, nazigawa mpaka watu wakiniona wanavuka barabara.

Msaidizi wa daktari! Na daktari mwenyewe yuko wapi? Mtu anamsaidiaje mtu ambaye hayupo? Nimepika shule ile tangu ujana mpaka nikastaafu, na siku mpishi mkuu hakuja, mpishi mkuu nilikuwa mimi, basi. Waambie wakubadilishie kibao cha mlangoni.

Kuhusu simu: usinipigie. Nimeung'oa waya ukutani. Kwenye simu unanikatiza, na unaniuliza maswali ya hospitali kana kwamba nimekuja kwenye dirisha lako na kadi mkononi. Mwenye neno na mimi aandike, kama watu waliolelewa. Na Alcide nimemkataza kukubebea habari zangu. Akifungua mdomo, atatafuta pa kula chakula cha mchana.

Ndiyo, nimekasirika. Nilikupokea ukiwa na miaka sita, mama yako hana hata wiki kaburini, ukiwa na kiatu kimoja na domo refu. Nilidhani utanizika. Lakini umeshachagua, basi simama hapo ulipochagua. Ukirudi kabla ya Mei na mkia katikati ya miguu kama hao watatu, mlango wangu utaukuta umefungwa, na unajua nina komeo mbili.

Kula ushibe. Huko hawajui pilipili.

Shangazi yako,
Eulalie Guillory


Torvik
27 Agosti

Shangazi,

Shikamoo tena, hata kama umekasirika. Huku hatujambo. Ni mavuno ya ngano, hakuna anayelala, hata mchungaji wa Kilutheri kapanda mashine ya kuvunia. Nimenunua pilipili kwa posta. Marlys aliionja kwa ncha ya ulimi, akanywa maziwa bilauri mbili.

Nataka kukueleza jambo lililonitikisa. Alikuja mkulima mmoja, Arvid Haugen, mzee mpana kama mlango, saa sita mchana. Shati safi, nywele zimechanwa na maji. Nikamuuliza anaumwa nini. Akasema, "Siyo mbaya sana." Nikamuuliza wapi. Akasema taya linamsumbua kidogo, labda jino. Shangazi, wewe unawajua watu wetu. Kwetu mtu akijikata kidole utaijua habari yake akiwa bado njiani, na atakutajia watakatifu wote na ndugu zake waliowahi kujikata. Hao ndio wagonjwa niliowazoea. Huyu kasema siyo mbaya sana, nikamwamini! Nikampa dawa ya maumivu na jina la daktari wa meno.

Nikawa namwangalia mtoto anayeumwa sikio. Nikitupa macho dirishani naona gari la Arvid bado liko pale, naye yumo ndani, mikono kwenye usukani. Malori ya ngano yanapita, jirani zake wanakimbizana na mvua, yeye kakaa. Nikajiuliza, mtu ana ngano shambani na wingu linakuja, amefuata nini hapa? Nikatoka mbio. Alikuwa amelowa jasho mpaka kiunoni. Kipimo cha moyo kikaonyesha kile nilichokwisha kukijua nikiwa bado mlangoni: mshtuko wa moyo. Helikopta ikamchukua kutoka uwanja wa mpira, na mpaka wanafunga mlango alikuwa anaomba radhi kwa usumbufu.

Yuko hai. Marlys akaniambia, "Huku mkulima akija wakati wa mavuno, mlaze kwanza, umuulize baadaye." Nikasema angeniambia mapema. Akasema alidhani kila mtu anajua.

Tangu siku hiyo siwaulizi tena wanaumwa wapi. Nawauliza: ni kitu gani ulikuwa unafanya mwaka jana ambacho sasa umeacha? Hapo wanasema. Mmoja ameacha kupanda ngazi za ghala, mwingine ameacha kwenda kucheza karata kwa sababu haoni. Wanasema bila kujua wamesema.

Bado napiga kila Jumapili mkitoka misa. Inalia tu.

Dessa


L'Anse Bleue
20 Septemba

Dessa mwanangu,

Marahaba. Tu wazima sote. Kimbunga kilitupita pembeni, kikachukua bati la banda la Alcide na kuliweka kwa jirani vizuri kabisa, hata misumari imo. Mke wa Théogène, jirani yetu, amejifungua mapacha, mmoja ana masikio ya babu yake, maskini.

Kwaya nimewaachia wenyewe. Soprano wa siku hizi wanapiga mayowe, na mimi sina sababu ya kushindana na watoto. Nakaa benchi la nyuma nasikiliza, na wakikosea nakohoa.

Godoro langu nalo limeingia shimo katikati. Nimehamia kwenye kile kiti cha kuegemea cha marehemu Ozémé. Nalala hapo kama malkia, miguu juu, redio pembeni. Mume wangu alikuwa na akili, alikipenda kiti kile kuliko mimi.

Huyo mkulima wako ni mjinga, lakini namwelewa. Ana ngano yake. Mtu hawezi kuacha shamba zima lilowe kwa sababu ya taya. Ungekuwa wewe ndiye mwenye ngano ungefanya hivyo hivyo, usijifanye.

Nimefurahi ulitoka mbio. Nimeisoma sehemu hiyo kwa Padre, naye ameisoma kwa watu. Usivimbe kichwa.

Shangazi


Torvik
12 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Wasalimie mapacha na masikio yao. Mimi mzima wa mwili.

Theluji imeanguka leo, na bado viazi sukari havijaisha kung'olewa. Niliwapikia watu wanaokuja kliniki gumbo, mchuzi wetu mzito wa nyumbani, kwa sufuria yako. Nilikaanga unga polepole mpaka ukawa rangi ya senti ya zamani, kama ulivyonifundisha, mkono ukafa ganzi. Wakala kwa adabu. Mama mmoja akasema, "Ni tofauti." Nilifurahi mpaka Marlys aliponieleza kwamba huku "ni tofauti" ni tusi.

Shangazi, nitakwambia ukweli kwa sababu hunioni uso. Kuna siku nataka kurudi. Kila siku giza linaingia mapema kuliko jana. Watu ni wema, wananiachia vyungu vya viazi mlangoni, lakini wanaviacha na kukimbia, hakuna anayeingia kukaa. Jumapili napiga simu yako inalia kwenye sikio langu, na hiyo ndiyo sauti pekee ya nyumbani ninayoisikia. Wiki iliyopita nilifungua ramani nikaitazama njia nzima mpaka kwako. Nikaikunja. Lakini niliifungua.

Niambie neno zuri moja.

Dessa


L'Anse Bleue
4 Novemba

Dessa,

Marahaba. Neno zuri unalotaka ni hili: ikunje hiyo ramani uitie chini ya mguu wa meza inayocheza. Unanisikia? Mtoto mwenye sikio atapelekwa wapi? Na Arvid? Umeanza, maliza. Mimi sikukulea uwe mtu wa kukunjua ramani. Nilikufundisha kusimama mbele ya sufuria mpaka unga ukubali, na mkono kufa ganzi hakujawahi kumuua mtu.

Huku watakatifu wote wameadhimishwa. Makaburi mwaka huu amepaka chokaa Alcide. La mama yako amelipaka ovyo pembeni, nami nilikuwa namwelekeza kutoka ndani ya gari, yeye anajifanya hasikii. Mishumaa iliwaka vizuri, hakukuwa na upepo. Viatu vyangu vya kanisani vimenikataa, ngozi za siku hizi zinasinyaa zenyewe kabatini. Nikaenda na ndara za nyumbani. Mke wa Théogène aliniangalia miguu, nikamwambia aangalie mapacha wake.

Gumbo nimempa Alcide kazi ya kukoroga. Imeungua.

Usirudi. Narudia, usirudi.

Shangazi


Torvik
23 Novemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Salamu za nyumba nzima tutapeana siku nyingine. Kaa chini kwanza. Lakini najua umekaa, maana siku hizi unakaa tu.

Jana Arvid Haugen alinipigia simu. Ametoka hospitali tangu Septemba, alitaka kunialika kula samaki. Akasema, "Mimi," akavuta pumzi, "siyo mbaya," akavuta pumzi, "sana." Sikumngoja amalize. Nilimwambia mkewe amkalishe wima, nikatuma gari la wagonjwa. Moyo ulikuwa umechoka kusukuma, maji yamejaa mapafuni. Nimeyajua yote hayo kwa simu tu, kabla hata hajanitajia samaki.

Nikaweka simu chini. Halafu nikabaki naitazama.

Shangazi, wewe hukunikasirikia. Au ulinikasirikia siku moja, ile ya taulo, basi. Umenikataza simu kwa sababu ulijua nitakusikia unavyopumua.

Nikatoa barua zako nikaziweka mezani, nikakuuliza lile swali langu. Umeacha nini? Umeacha kuimba, wewe uliyeimba na homa ya mapafu mwaka ule wa mafuriko. Umeacha kitanda, kwa sababu ukilala chali unazama. Viatu havijasinyaa, miguu yako ndiyo imevimba. Umeacha kupaka kaburi la mama, ambalo hujawahi kumwachia mtu mwingine tangu nikiwa na kiatu kimoja. Hata gumbo unakorogewa na Alcide! Yote uliniandikia. Nami nilicheka, nikageuza karatasi. Kwa Arvid nilichelewa kidogo tu, kwako nimechelewa tangu Agosti, na nina hasira ambayo sijui nimpe nani.

Sasa sikiliza. Leseni yangu inaishia mpakani. Siruhusiwi kukuandikia hata kidonge kimoja kutoka huku, na siandiki kama mtabibu. Naandika kama mtoto wako, na mtoto wako ana kichwa kigumu, unajua alikokitoa.

Najua ulichokuwa unafanya. Uliogopa nikijua nitafunga kliniki na kuja. Basi hicho ndicho nitakachofanya. Alcide nimempigia tangu jana hapokei, anaogopa kunyimwa chakula chake cha mchana. Mwache Alcide akupeleke hospitali siku barua hii ikifika, siyo kesho yake. Na umfungue mdomo aniambie kila kitu. Nisiposikia kutoka kwake mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, Jumamosi asubuhi nampa Marlys funguo, napakia sufuria, naingia barabarani na theluji yote hii. Nitakuwa wa nne. Mji utabaki bila mtu, na itakuwa kwa ajili yako, na mlango uufunge ukitaka, najua dirisha la jikoni halina komeo.

Nakupenda. Sitanii.

Dessa


L'Anse Bleue
15 Desemba

Dessa mwanangu,

Marahaba. Najua Alcide alikupigia siku ile ile, na najua alilia, jitu zima lile. Nimemsamehe. Ila chakula cha mchana anakula kwa mama yake mpaka Krismasi, iwe fundisho.

Umejifunza wapi ukatili huo wa kunitishia kwa kliniki yako mwenyewe? Nilipoisoma barua niliitupa chini. Halafu nikashindwa kuinama kuiokota, na hapo ndipo nikamwita Alcide alete gari. Sikuogopa kufa, usije ukajisifu. Nilikuona akilini uko kwenye barafu na kile kigari chako, na Marlys ameshika funguo.

Daktari ni msichana mdogo kuliko wewe, mnene, mpole, ana mikono ya moto. Alinisikiliza kifua akauliza nimeanza lini kuchoka. Nikamwambia Pasaka. Ndiyo, Pasaka. Wewe ulikuwa jikoni kwangu unamenya viazi, barua ya Dakota bado hujaipata. Ilipofika, niliiona kabla yako, nikakaa nayo mfukoni mwa aproni toka asubuhi mpaka jioni. Nikifungua mdomo, Dessa haondoki, nikasema moyoni. Atakaa hapa anahesabu vidonge vyangu, na leseni yake ukutani, mpaka anizike, na baada ya hapo atabaki na nini? Basi nikakupa barua yako na nikafunga mdomo. Na mlangoni sikukupungia mkono kwa sababu mkono ule ulikuwa umeshika fremu ya mlango nisianguke.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sijutii, na ukiniuliza tena nitafanya hivyo hivyo.

Wamenipa vidonge vya kutoa maji. Nimekwenda chooni mpaka nikamwambia nesi anihamishie kitanda huko. Miguu imerudi, Dessa, nimeuona mfupa wa kifundo kama rafiki aliyepotea. Viatu vya kanisani vimenikubali, japo cha kushoto kinanung'unika. Nalala kitandani, mito miwili. Wanasema moyo hautakuwa mpya, ila nikitii utanisukuma kwa muda. Chumvi wameniondolea. Nimekula uji usio na chumvi mbele ya Padre na sikutukana, na huo ni muujiza, uliza.

Masharti yangu ni haya. Unamaliza mpaka Mei. Mei ukitaka unabaki, ukitaka unarudi, lakini uamue wewe, siyo miguu yangu. Huyo Arvid mwambie Eulalie wa Louisiana anasema ajifunze kupiga yowe. Na Pasaka, nikiwa na pumzi ya kupanda ndege, nataka kumwona huyo mwanamke aliyesema gumbo ya mwanangu ni tofauti. Nitampikia mwenyewe.

Jumapili mchana nitakaa kando ya simu. Waya sikuung'oa, nilikudanganya. Kila Jumapili ilikuwa inalia hapa pembeni ya kiti, nami nimeushika mkono wangu huu kwa huu mpaka inanyamaza. Piga. Na usikate upesi kama ulivyokuwa unakata, natembea polepole siku hizi.

Shangazi yako,
Eulalie